Jiwe jeusi la makaburini: la Shirazi, la Omani, au la hapo hapo Pemba?

"Assalamu alaykum Mwalimu. Nakuandikia kutoka kaskazini ya Pemba. Karibu na shamba la marehemu babu yetu, juu kidogo ya mikoko, kuna makaburi ya kale ambayo sisi ndio tunayafyekea kila mwaka kabla ya Ramadhani. Moja lina ukuta mfupi wa mawe na nguzo inayonipita kimo. Kwenye nguzo mna vishimo vya duara vitano, na kimoja bado kina kipande cha bakuli la kijani. Upande wa machweo wa kaburi hilo hilo limesimama jiwe jeusi lenye maandishi ya Kiarabu yaliyoinuka, na chini yake pana tarakimu nilizozisoma 1140. Bibi anasema jiwe lililetwa na wazee kutoka Shirazi. Binamu yangu aliyeko Maskati ameona picha, akasema ni jiwe la Omani na kwamba kwa hiyo sisi asili yetu ni huko. Mwezi uliopita alikuja mtu na gari, akasema ni marumaru ya India ya miaka mia tisa, na atatupa pesa nzuri tukimwachia. Wajomba wamegawanyika. Wengine wanataka tulisafishe kwa asidi tulijengee saruji kabla halijaibiwa. Nimekuletea picha sita. Jiwe hili limetoka wapi? Na sisi je?"

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Picha zako nimezitazama siku tatu, na ile ya nne nimeikuza mpaka ikaanza kupoteza sura. Ahsante kwa kuweka rula kando ya jiwe, maana bila hiyo ningekuwa nabahatisha. Ahsante zaidi kwa kuyafyeka makaburi hayo kila mwaka. Mengi ya aina yake yamemezwa na vichaka, na mizizi imeshayapasua.

Niyatangulize matatu yasiyongoja: jiwe lisiondoke, asidi isiliguse, saruji isikaribie. Sababu zake nitazieleza huko mbele, ila ukiwa na wajomba leo jioni wape kwanza hayo.

Sasa swali lenyewe. Bibi, binamu na yule mtu wa gari wamesema mambo matatu tofauti, lakini wote wamepita njia moja. Wamechukua jiwe, mkono uliolichonga, umbo la kaburi na nasaba ya aliyelala ndani, wakavifunga tita moja kana kwamba vyote vilishuka siku moja kutoka jahazi moja. Katika makaburi ya pwani yetu ni nadra mambo kuwa hivyo. Jiwe laweza kuwa la hapa na mtindo wa maandishi ukatoka ng'ambo. Bakuli laweza kutoka China na nguzo iliyolibeba isijulikane China wala Uarabuni. Basi tulifungue tita hilo, tuanze na jiwe.

Unguja na Pemba ni visiwa vya matumbawe ya kale, mawe ya chokaa, mchanga na udongo. Hatuna marumaru, hatuna itale, hatuna jiwe la volkeno. Hiyo ni neema kubwa kwa mtu wa kazi yangu, kwa sababu jiwe lolote gumu lisilo la chokaa likionekana kisiwani, limekuja kwa chombo. Huenda lilikuja kama bidhaa, huenda kama jiwe la kusagia, huenda kama farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo kitupu, iliyotupwa ufukweni baada ya jahazi kupata shehena. Kwa hiyo hatua ya kwanza siku zote ni kuuliza: hili ni jiwe letu au la mgeni?

Kilichowapoteza wote ni ule weusi. Tumbawe likitoka baharini ni jeupe au lina umanjano kidogo. Likikaa miaka mia mbili kwenye mvua na kivuli cha miembe, huota juu yake utando wa kuvu na viumbe vidogo vidogo, na utando huo huwa kijivu, kisha mweusi. Kuta za magofu yetu mengi ni nyeusi hivyo hivyo, na hakuna anayedai zimetoka India. Hebu rudi kwenye picha yako ya nne, pembe ya juu kulia, pale palipobanjuka. Ndani ni peupe. Na kwenye weupe huo pana vitobo vilivyobanana kama sega la nyuki, kila kimoja upana wa milimita moja hivi, ukikitazama kwa karibu kina umbo la kinyota. Hivyo ni vyumba walimoishi wale viumbe waliolijenga tumbawe. Marumaru haina kitu hicho. Marumaru ikibanjuka humetameta kama sukari ya mawe, chenga juu ya chenga, bila kitobo.

Jiwe lako, kwa ninavyoliona, ni tumbawe, na la aina ile ile iliyochongewa mihrabu na maandishi ya misikiti yetu ya kale, ambayo wataalamu huiita poritesi. Mafundi walilifuata kwenye mwamba wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wakalikata likiwa bado bichi. Likiwa bichi hukatika kwa tezo karibu kama muhogo. Likikauka hewani hukaza, na herufi zilizochongwa zikabaki na kingo kali kwa karne nyingi. Jiwe la kuta lilikuwa jingine, lile la kuchimbwa nchi kavu, gumu na lenye mashimo makubwa, lisilokubali herufi. Tofauti hiyo utaiona hapo hapo kaburini ukilinganisha jiwe lenye maandishi na ukuta wake.

Huenda mtu akakwambia udondoshe ndimu au siki: likitoa povu, ati ni marumaru. Usimsikilize. Marumaru ni chokaa iliyoivishwa na joto na uzito wa ardhi, na tumbawe nalo ni chokaa. Yote mawili hutoa povu. Jaribio hilo halitenganishi chochote, na linakula maandishi.

Lakini hadithi ya marumaru ya India haikuzuliwa hewani, na ndiyo maana wauzaji huipenda. Baina ya karne ya 13 na ya 15 mji wa Khambhat, huko Gujarat, ulikuwa na mafundi waliochonga mawe ya makaburi kwa marumaru nyeupe na kuyapeleka mbali sana. Yapo Pasai, Sumatra. Lipo Gresik, Java, kwenye kaburi la Malik Ibrahim aliyefariki 1419. Yalifika Dhofar, kusini ya Omani, na marumaru ya Khambhat ilifika Mogadishu na Kilwa pia. Chombo kilichopakia Gujarat na kushuka na kaskazi kingeweza kutia nanga kwetu bila taabu. Mawe hayo yana sura yake: marumaru ya chenga, umbo la mihrabu, na mara nyingi taa inayoning'inia katikati yake, imechongwa kwa ustadi unaomfanya mtu asimame kimya. Kwa hiyo mtu akikutajia India, muulize taa iko wapi na chenga ziko wapi. Kwenye picha zako sioni hata kimoja.

Kuhusu hiyo miaka mia tisa, yule mtu amesoma 1140 kama mwaka wa Miladi. Ni wa Hijria. Kanuni ya kukadiria ni hii: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ujumlishe 622. Ijaribu kwa jiwe maarufu la msikiti wa Dimbani, Kizimkazi, kusini ya Unguja, lenye mwaka 500: 485 na 622 ni 1107, na ndiyo tarehe inayotajwa kila mahali. Ukifanya hivyo kwa 1140 unapata 1727 kwenda 1728. Ni wakati pwani yetu ilipokuwa inayumba. Waomani walikuwa wameitwaa Mombasa tangu 1698, kisha Wareno wakairudia 1728 na kutolewa tena mwaka uliofuata.

Je, ni kweli 1140? Nilisumbuka sana na ile tarakimu ya mwisho. Sifuri kwa Kiarabu ni nukta tu, na tumbawe limejaa vitobo. Nukta na kitobo hukaribiana sana. Lakini wewe mwenyewe umesema maandishi yameinuka, na picha ya tano, uliyoipiga jua likiwa chini, inaonesha nukta hiyo ina kivuli upande mmoja kama herufi nyingine. Kitobo kingekuwa kimezama. Basi ni sifuri, imechongwa kwa makusudi. Ninayoitilia shaka zaidi ni nne. Nne ya Kiarabu ikilika hufanana na tatu, na hata na mbili. Kwa hiyo mwaka waweza kuwa 1120, yaani 1708 hivi, au 1130, yaani 1718 hivi. Kwa vyovyote tumo katika miaka thelathini ya mwanzo ya karne ya 18, na hapo pananitosha kuendelea.

Sasa maandishi. Binamu yako ameona herufi za Kiarabu akaona Omani. Ni kosa la kawaida, nami namwelewa, lakini Waswahili wameandika kwa herufi hizo karne nyingi: tenzi, barua, hati za mashamba, na Kiswahili chenyewe. Herufi za Kiarabu kaburini zinaonesha aliyezikwa alikuwa Mwislamu na kwamba palikuwa na mtu anayejua kuandika na mwingine anayejua kuchonga. Isitoshe, Waibadhi wa Omani, Waislamu wa madhehebu yaliyoenea huko, kwa desturi waliyaacha makaburi yao mepesi, mawe yasiyochongwa, bila jina na bila mapambo. Kaburi lenye nguzo ndefu iliyopachikwa mabakuli liko mbali sana na desturi hiyo.

Mfano mzuri wa jinsi mwandiko unavyosafiri ni huo huo wa Kizimkazi. Maandishi yale ni ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu wa pembe pembe, na herufi zake zinachipua majani na maua, na yanafanana mno na mawe ya makaburi ya Siraf, bandari ya kale upande wa Iran wa Ghuba. Wataalamu wamebishana: fundi alitoka Siraf, au mtindo ulikuja na mafundi wa hapa wakaumiliki? Ila lenyewe limechongwa kwenye tumbawe. Mwandiko una undugu na ng'ambo, na jiwe ni la mwamba wa pwani hii. Na tena, jengo unaloliona Dimbani leo kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18. Anayeingia akasoma 500 akadhani kila ukuta ni wa 1107 amepotea kwa miaka zaidi ya mia sita. Lishike hilo, tutalihitaji kwa kaburi lako.

Mwandiko wa jiwe lako si Kikufi. Ni mwandiko wa mviringo, wa kawaida. Mstari wa juu nausoma "Kullu nafsin dhaiqatul mawt", kila nafsi itaonja mauti, aya inayopatikana mara tatu katika Kurani na ambayo mawe ya makaburi yameipenda kila nchi. Mstari wa pili ndio wenye jina, na ndio ulioliwa. Naiona "bin" waziwazi. Kilicho kabla na baada yake hakitoki kwa picha hizi.

Tuje kwenye nguzo, na hapa ruhusa nikae kidogo, kwa sababu ndiyo hazina ambayo hakuna mmoja wenu aliyeigombania. Makaburi ya nguzo ni kitu cha pwani yetu. Yanaanzia kusini ya Somalia, yanapita visiwa vya Lamu, Malindi, Mambrui na Gedi, yanafika Tongoni, Kaole na Kunduchi. Kwetu Pemba yako Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, kwenye ncha ya rasi ambako zamani palikuwa na mji wenye msikiti mkubwa. Kuna nguzo moja pale iliyochongwa mifereji ya wima. Kwenye nyingine zimebaki alama za mabakuli, kama vishimo vyako. Kule Chwaka, upande wa Tumbe, lipo kaburi ambalo wenyeji hulitaja kuwa la Haruni, mwana wa Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini hapa Pemba.

Nenda Shirazi, nenda Maskati, hutaiona nguzo ya namna hii juu ya kaburi. Wako waliofikiri mzizi wake ni nguzo za mawe zilizosimamishwa makaburini na watu wa Pembe ya Afrika kabla ya Uislamu, halafu wakazi wa miji ya pwani wakaliingiza umbo hilo katika mazishi yao ya Kiislamu. Wengine wameona ni ubunifu wa miji yenyewe, kutoka kwa waashi wale wale waliojua kusimamisha nguzo za misikiti. Mimi mwenyewe naegemea huku kwa pili, nikiangalia jinsi nguzo zinavyobadilika sura kutoka mji mmoja hadi mwingine: za mviringo, za pembe nne, za pembe sita au nane, fupi pana, ndefu nyembamba. Kitu kilichopokewa kizima kutoka kwingine hakibadiliki kwa uhuru hivyo. Lakini katika rai zote mbili nguzo ni ya Afrika Mashariki. Na ukitazama ramani utaona Tongoni iko bara, kilomita 17 hivi kusini ya Tanga, ng'ambo tu ya mkondo kutoka Pemba. Pale yamekusanyika makaburi arobaini hivi mahali pamoja. Fundi wa kusimamisha nguzo hakuhitaji kuvuka bahari kuu. Alihitaji upepo wa siku moja.

Kile kipande cha kijani ndicho kilichonifanya nikose usingizi. Kikiwa ni seladoni ya China, vyombo vya kijani vya Longquan, basi kilikuja katika biashara iliyokuwa na nguvu karne ya 13 mpaka ya 15. Lakini usiamue kwa rangi. Udongo wa kijani na buluu-kijani uliletwa pia kutoka Ghuba. Tazama palipovunjika, usitazame juu. Seladoni ndani ni kijivu cheupe, gumu, limeshikana kama jino. Udongo wa Ghuba ndani ni wa manjano au wa krimu, unapukutika kama andazi kavu. Usikibandue! Piga picha kwa karibu, asubuhi, mwanga ukitoka ubavuni.

Tazama pia ukingo wake. Bakuli lililotiwa nguzo ikiwa inajengwa lilizamishwa kwenye lipu mbichi, na lipu hiyo hupanda kidogo juu ya mdomo wake kama ufizi unavyoshika jino. Lililotiwa baadaye limekatiwa shimo, na utaona mshono wa lipu ya rangi nyingine kulizunguka. Hiyo tofauti ndogo ni muhimu, kwa sababu bakuli huweka kikomo cha upande mmoja tu. Nguzo iliyojengwa pamoja na bakuli haiwezi kuwa ya kale kuliko bakuli, ila yaweza kuwa ya baadaye sana. Vyombo vya kauri viliwekwa majumbani, vikarithiwa, vikatolewa siku ya msiba mkubwa. Kunduchi kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa kauri za China.

Sasa tuvikutanishe. Una jiwe la mwanzoni mwa karne ya 18, na una nguzo ambayo huenda ni ya wakati huo huo, huenda ni kongwe kuliko jiwe kwa miaka mia tatu. Na una jambo moja ulilolisema kwa kupita tu: jiwe limesimama upande wa machweo. Kutoka Pemba, kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla, kwa hiyo kichwa chake kiko mashariki. Upande wa machweo ni wa miguu. Jiwe lenye aya na jina kusimama miguuni si jambo lisilowezekana, maana makaburi mengi yana mawe mawili, ila mimi ningetegemea jina kichwani.

Naona njia tatu. Huenda kaburi lote ni la 1727 hivi, na jiwe la kichwani limepotea. Kama ni hivyo, ukipapasa mashariki yake utakuta kisiki cha jiwe lililovunjika, au shimo lake. Huenda nguzo ni ya kale, na kizazi cha karne ya 18 kikamzika mtu wao mahali palipokwisha heshimiwa, kikasimamisha jiwe lake hapo. Au jiwe lilitoka kaburi jingine kabisa, likaanguka, na mtu mwema kama nyinyi akaliokota wakati wa kufyeka na kulisimamisha penye ukuta usioanguka. Hii ya tatu ndiyo ninayoishuku zaidi, kwa sababu katika picha ya pili naona sehemu ya chini ya jiwe, ile isiyochongwa ambayo ilikusudiwa kuzikwa, imekaa juu ya ardhi karibu shibiri nzima. Jiwe lililokaa mahali pake tangu mwanzo haliachi mguu wake nje hivyo, isipokuwa udongo umechukuliwa na maji. Muulize Bibi kama alipokuwa mtoto lilisimama hapo hapo.

Na nyinyi je? Nitakujibu kwa uwazi, maana naona swali hili ndilo linalowauma. Jiwe la Pemba lililochongwa Pemba haliwafanyi Waomani, wala halimkadhibishi Bibi. Habari ya Shirazi ni ya zamani sana katika pwani hii. Imo katika tarikh ya Kilwa, maandiko ya kale ya historia ya mji huo, na watu wa Unguja na Pemba wamejiita Washirazi vizazi kwa vizazi. Ni kumbukumbu ya watu, na mimi siipimi kwa jiwe moja. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023, kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa zaidi katika miji ya pwani ya Kenya na ya Tanzania bara baina ya 1250 na 1800, ulikuta kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Afrika kwa nusu au zaidi, hasa kupitia kina mama, na kwamba tangu mwaka 1000 hivi palichanganyika damu ya Asia, kwa sehemu kubwa ya Uajemi, hasa kupitia kina baba. Wazee hawakuwa wakizua. Lakini mifupa hiyo haikutoka Pemba, kwa hiyo usiichukue kuwa nasaba ya nyumba yenu.

Kitakachowasogeza mbele ni ule mstari wa pili wa jiwe. Jina likipatikana, na hasa neno la mwisho linalotaja ukoo au mji, mtaweza kulilinganisha na majina ya babu zenu. Hata hapo kuwa na subira, kwa kuwa mtu wa 1727 aliyejiita kwa mji fulani huenda ni babu yake wa tano aliyetoka huko. Na kama jiwe lilihamishwa, jina ni la mtu wa kaburi jingine, si lazima la huyu mwenye nguzo.

Narudi kwenye kusafisha. Asidi, hata ya kusafishia vigae, huyeyusha chokaa. Itaondoa utando mweusi na herufi pamoja. Brashi ya waya vivyo hivyo. Kunakili kwa karatasi na mkaa, ambako baadhi ya wageni hufanya, kunasugua kingo za tumbawe zikamomonyoka. Kama mnataka kusoma, hamhitaji kusafisha. Subirini usiku, mmoja ashike tochi ubavuni mwa jiwe, karibu kuligusa, mwingine apige picha kutoka mbele. Kisha hamisheni tochi upande wa pili, juu na chini. Herufi mnazoona zimekufa mchana zitafufuka kwa vivuli vyake.

Saruji nimeshuhudia ikiharibu. Mahali fulani Unguja familia iliyowapenda wazee wake ilimwagia saruji tako zima la jiwe la kaburi ili lisiyumbe. Tumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kuyapumua. Saruji haipumui, basi maji yakatafuta njia ya juu kupitia jiwe lenyewe, yakipanda na chumvi yake. Chumvi ilipokauka ndani ya vitobo ilipanuka, na baada ya misimu michache ya masika uso wa jiwe ulianza kutoka vigamba. Niliokota herufi "mim" nzima mchangani. Jiwe lenu likihitaji kushikizwa, lishikizwe kwa chokaa na mchanga, na mtu aliyewahi kushika kazi ya magofu, si fundi wa nyumba mpya.

Kuhusu mnunuzi, hapana. Zanzibar ina sheria ya kuhifadhi kumbukumbu za kale tangu 1927, na imefanyiwa marekebisho baadaye. Kaburi si mali ya mjomba yeyote kuliuza. Na jiwe likishatiwa kwenye gari, upande lilikosimama, kina cha mguu wake, nguzo iliyo jirani, vyote nilivyovitumia kukujibu leo vimekwisha. Litabaki pambo kwenye sebule ya mtu asiyeweza hata kusema limetoka kijiji gani. Kama anarudi rudi, mwambieni sheha mapema, na mumpe picha zenu zenye tarehe.

Yapo ambayo mimi kwa picha siwezi kuyamaliza: mwaka ule, jina lile, na kama nguzo na bakuli vilijengwa pamoja. Hayo yanataka macho ya mtu aliyepiga magoti pale pale. Nendeni kwenye Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, mnaweza kuanzia makumbusho ya Chake Chake ndani ya ngome, mkaombe aje mtu kulikagua na kuliandikisha. Mkikuta nguzo ina ufa unaopitisha kidole, au imeanza kuinama, msingoje zamu. Waambieni hivyo hivyo, na msiwaruhusu watoto kuchezea karibu. Kwa upande wa karatasi, Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja, zina mafaili ya zamani ya wakfu na ya mahakama, na shamba la babu yenu huenda limetajwa humo pamoja na makaburi yaliyo mpakani mwake.

Kabla ya kwenda, kaa na Bibi. Mwambie akuhesabie majina kuanzia kwake kwenda nyuma mpaka yanapokatika, umrekodi kwa simu, usimsahihishe. Kisha mpeleke makaburini asubuhi, mtafutie kivuli, na umuulize kaburi moja moja: hili la nani, hili la nani, hili alikatazwa kulisogelea kwa sababu gani. Ukifika kwenye jiwe jeusi, usimtajie 1140. Mwache aanze mwenyewe. Halafu niletee alichosema, pamoja na zile picha za tochi.